Kifundo kimepona, Fanta bado zinakuja

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla sijashibishwa tena, maana hapa ninapoandika kuna sahani ya ndizi na samaki wadogo wa sambaza mbele yangu, na mama mkwe amekwenda kuchukua chumvi tu, anarudi sasa hivi. Mimi nauza vitenge Kamembe, kazi ya kukaa kutwa, na mwanzoni mwa mwaka daktari alinipima akaniambia nina kisukari, akanipa vidonge, akasema nitembee, na nikiweza nikimbie, la sivyo nitakuja kulia. Kulia huko nakujua, kwa sababu dada yangu Bella alikatwa mguu kwa kisukari hicho hicho, na kabla kidonda hakijapona mumewe alikuwa ameshaoa mwingine, kwa hiyo mimi sikumwambia mtu, si mume wangu Habineza, si mama yake, nikasema tu nataka kupunguza mwili.

Basi nikaanza. Kila nikimaliza swala ya alfajiri, mimi na jirani yangu Primitive tunapanda kilima cha Gihundwe, siku za kwanza nilikuwa nahema kama ng'ombe wa mnada na wanafunzi wananicheka, lakini sikuacha, na mshauri, mwili ukawa mwepesi, nikalala vizuri, sukari ikashuka, nikajipenda. Kisha ikanyesha mvua, nikateleza kwenye udongo kando ya barabara, nikateguka kifundo cha mguu. Muuguzi alisema hakuna mfupa uliovunjika, akanifunga bandeji, akaniambia nipumzike mpaka uvimbe uishe halafu nianze kutembea polepole.

Uvimbe umeisha wiki iliyopita! Lakini unawajua watu wetu, mgonjwa haendewi mikono mitupu, huyu analeta Fanta, yule mandazi, yule maziwa na sukari yake, na huwezi kuweka kando, wanakaa wanakutazama mpaka umalize. Mama mkwe, Mukagasana, ameshuka kutoka Giheke kuniuguza, nikisema nimeshiba ananiambia, "Kula, binti yangu, mugonjwa hakatalake chakula." Viatu vyangu vya mazoezi amevifungia ndani ya sanduku lake, anasema, "Ni ibi biatu njo bilikuangusha." Na Habineza, badala ya kunitetea, kila jioni anarudi na Fanta yake mkononi, anacheka, "Maman Iriza, pumzika kwanza, batu batasema ninakufukuzaka mu barabara."

Juzi niliaga kwamba nakwenda kubadilisha bandeji, nikapima, sukari imepanda kuliko hata siku ile ya kwanza. Nimelia njia nzima. Sitaki kukatwa mguu kwa sababu ya adabu. Nimeamua kurudi kilimani, hata kama ni pekupeku, lakini nifanye nini nisimvunjie heshima mama mkwe na majirani, na siri yangu ibaki siri?

Mama wa Gihundwe

*

Mama wa Gihundwe, pole sana. Sasa sogeza hiyo sahani tuzungumze.

Pekupeku? Wewe mwenye kisukari, uliyeyaona ya dada yako, unataka kupanda kilima cha changarawe bila viatu? Mchubuko mdogo tu wa unyayo unatosha kukufikisha alikofika Bella. Hilo lifute kabisa kichwani. Nguvu ya kuamua unayo, na nimeipenda, ila umeielekeza pabaya.

Halafu usinisemee vibaya mama mkwe. Mzee wa watu ameacha shamba lake Giheke akaja kukaa na mguu wako, anakupa anachojua kuwa ni dawa. Majirani wanatafuta thawabu. Habineza anakuletea Fanta kwa mapenzi, masikini, hajui anachokunywesha. Atajuaje, na wewe umefunga mdomo? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe kilio umeanza kukiona kwenye kipimo.

Hofu yako naielewa, na si ya kijinga. Lakini yule shemeji yako alikuwa anatafuta sababu, na asingepata ya mguu angepata nyingine. Sikuahidi kwamba Habineza hatashtuka. Atashtuka, pengine atanuna kwamba ulimficha. Mwache anune. Mwanamume anayepita dukani kila jioni kwa ajili yako, mwambie ukweli ili alete kitu kinachokufaa.

Kwanza rudi hospitali kesho, uwaeleze kipimo kilichopanda, vidonge usiviache, na muuguzi akishike hicho kifundo aseme kimefika wapi. Kilima kitakungoja. Anza na njia tambarare, polepole, na viatu miguuni. Viatu utamwomba mama mkwe kwa mikono miwili, baada ya kumweleza ugonjwa wako, na nakuhakikishia atavitoa mwenyewe.

Na wageni wako usiwafukuze. Pokea zawadi, shukuru, wape watoto, sema daktari amenikataza. Kisha wakiaga, inuka. Kwetu mgeni husindikizwa, au umesahau? Msindikize huyu mpaka njia panda, rudi, aje mwingine, msindikize naye. Hakuna atakayesema huna adabu, na jioni utakuwa umetembea kuliko mwenye afya.

Siri yako sasa. Majina yote nimeyabadilisha, mpaka la mtoto. Lakini gazeti hili hufika Kamembe, na mama mkwe aliyefungia viatu sandukuni ni mmoja tu. Kuna mtu atamsomea, na wote watakuwa wanacheka, mpaka wafike kwenye neno kisukari. Nimekuandikia kwa simu ili uyapate haya kabla hayajachapwa. Waite leo, yeye na mwanawe, wakae wote wawili, uwaambie kwa mdomo wako.