Mji wa Baba Bhoke

Mpenzi wangu Baba Bhoke,

Nimehama. Umesikia sawasawa, ni mimi mwenyewe, niliyekuwa nikikununia kila ulipotaja kile kiwanja chetu cha pembezoni. Siku zote nilikujibu kwamba siwezi kuacha soko lililo mlangoni pangu pale Tarime mjini nikaishi na fisi. Nawe ukacheka, mguu ukiwa bado kwenye cherehani. "Fisi naye hufuata penye mji, Mama Bhoke. Sisi tunakaa mjini lakini hatuna mji."

Kwako mji ulikuwa boma, lenye lango na jina la mtu. Mimi niliona taa na maduka.

Unakikumbuka chumba chetu? Baa nyuma ya ukuta, foleni ya choo kila asubuhi, na mwenye nyumba aliyetukataza hata kuku. Mgeni akituulizia, anaambiwa, "Wale wa chumba cha tatu." Lakini humo ndimo Bhoke alimojifunza kusimama, akishikilia cherehani yako. Ulipenda kumtania: "Ng'ombe wako wa mahari wakija, tutawafunga kwenye kamba ya nguo za wapangaji?"

Ulipofariki nilizidi kuking'ang'ania chumba kile. Niliogopa kwamba nikihama nitakuacha humo peke yako.

Basi mwaka huu watu wa mchumba wake Bhoke wakatuma habari kwamba wanaleta mahari. Nikatoka uani, nikaitazama ile kamba ya nguo, nikalia. Kesho yake nikamtafuta fundi aimalizie ile nyumba uliyoianza kiwanjani ukaiacha kwenye lenta, haina paa.

Huku kuna upepo mzuri. Umeme bado, na bodaboda anayenipeleka sokoni haishi kulalamikia njia. Kuku ninao, wananichafulia baraza wanavyotaka. Nakukumbuka sana jioni nikifunga lango, maana hiyo ilikuwa iwe kazi yako. Fisi nimemsikia mara moja tu, nikacheka peke yangu.

Jana ng'ombe wamekuja. Mzee aliyewatangulia akasimama langoni, nikampa shikamoo.

"Marahaba. Huu ni mji wa nani?" akauliza, kama wazee wanavyouliza hata wanapojua.

Tangu tuoane hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Bhoke akanishika mkono.

"Ni mji wa Baba Bhoke," nikasema. "Karibuni ndani. Mwenyewe ametoka kidogo."

Wako wa chumba cha tatu,
Mama Bhoke