Nywele Zangu Anasuka Raelynn

Jumamosi, 10 Februari

Mechi mbili za softiboli leo, zote tumeshinda. Baridi ya kukata masikio! Raelynn karusha mpira mechi zote mbili, mimi nimedaka zote mbili, nimechuchumaa nyuma ya mpigaji. Magoti yanawaka moto. Kiganja cha kushoto kimevimba ndani ya glavu — vizuri. Maana yake mpira wake unakuja na hasira zake za kawaida.

Asubuhi kanisuka kama kila siku ya mechi. Misuko miwili, kutoka kwenye paji hadi shingoni, inakaa sawasawa chini ya helmeti. Tangu mwaka wa kwanza hakuna mwingine anayegusa kichwa changu. Siku moja tu nilisukwa na mtu mwingine, tukafungwa kumi na moja kwa sifuri. Mama anasema huo ni ushirikina. Ndiyo, ni ushirikina. Aniache.

Mwaka wetu wa nne chuoni huu, wa mwisho. Baada yake hakuna softiboli tena, ni kazi tu na kuzeeka.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekasirika! Ngwe ya tatu kati ya saba za mechi, msuko wa kulia umefumuka, nywele machoni, mpira ukanipita, wapinzani wakapata pointi. Kocha Dyer kanipigia kelele toka banda la wachezaji: Corrie, wewe mdakaji au umekuja saluni? Wote wakacheka. Raelynn hakucheka.

Kwenye basi nikamwambia, mwenzangu, siku hizi unasuka kama umelewa. Akasema nywele zangu chafu, ndiyo maana zinateleza. Chafu! Niliziosha jana! Tumenuniana maili mia mbili. Hata mbegu za alizeti za kutafuna hakuniomba.

Jumanne, 12 Machi

Kumbe!

Nimemkuta Raelynn chumba cha kubadilishia nguo anafungua chupa ya matango ya siki kwa meno. Yale maji yake sote tunakunywa, yanazuia misuli kukaza. Lakini kwa meno? Nikamwambia, lete mkono huo. Vidole viwili vya mwisho vya kulia baridi kabisa. Nikasema nibane. Havikubana.

Daktari wa kwao alimwambia tangu Januari. Mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiwiko, apumzike msimu mzima, la sivyo vidole hivyo huenda visirudi tena. Na Agosti anaanza kusomea udaktari wa meno! Barua ya kukubaliwa kaibandika juu ya kitanda chake, naiona kila siku.

Kanishika kwa ule mkono mzima. Apa, Corrie. Apa hutasema kwa mtu. Meno yapo maisha yote, softiboli inaisha Mei.

Nikaapa. Mjinga mimi. Mjinga kabisa.

Jumapili, 21 Aprili

Mechi ya tatu ndani ya siku tatu, zote kaanza na kumaliza Raelynn. Paisley, mrushaji wetu wa mwaka wa kwanza, kakaa benchi tangu Ijumaa, maganda ya mbegu yamekuwa kichuguu miguuni pake. Nikamwendea Kocha. Nikamwambia ampe Paisley nafasi, hata ngwe mbili.

Kocha kacheka. Mkono unaorusha kwa chini hauchoki, Corrie. Wanaume wa besiboli wanarusha kwa juu, ndio wa kuhesabiwa mipira wasiumie. Nyie mnaweza kurusha mpaka Krismasi.

Na wote wanaimba hivyo hivyo! Makocha, wazazi jukwaani, yule bwana wa redio ya mji. Hauchoki, hauchoki. Nani kawaambia? Walimuuliza nani? Mimi ndiye ninayeupokea mpira. Februari ulikuwa unaniachia alama nyekundu mpaka jioni. Leo kiganja hakiniumi hata kidogo, na hilo ndilo linalonitia wazimu. Anashinda kwa ujanja tu sasa, kwa kuwachezea wapigaji akili.

Watu wakasimama wakampigia makofi. Nilitamani kuwarushia glavu.

Alhamisi, 2 Mei

Mimi na Raelynn tumegombana vibaya. Nilimwambia aende kwa Kocha mwenyewe. Akasema, ukifungua mdomo sikujui tena, na umeapa. Nikasema, ukibaki na vidole vitatu usinitafute nikufungulie chupa.

Sijui maneno yale nimeyatoa wapi. Kaondoka zake.

Kabla ya mechi kaja kunisuka hivyo hivyo. Ovyo kabisa. Nikaingia chooni nikabana misuko na vibanio sita ili Kocha asione. Ndiyo! Namlaani Kocha kwa kutoona, na mimi mwenyewe ndiye ninayeficha!

Jumamosi, 11 Mei

Fainali. Tukishindwa leo, basi. Tumemaliza ngwe ya sita, imebaki moja, tunaongoza mbili kwa moja. Radi! Mwamuzi kasimamisha. Kila radi ikipiga, dakika thelathini zinaanza kuhesabiwa upya. Tumejazana humu chumbani tumelowa chapachapa, wenzangu wanaimba na kugonga makabati. Naandika kwa sababu nisipoandika nitampiga mtu.

Kocha kauliza, Rae, mkono vipi? Safi, Kocha. Kisha kanigeukia mimi. Mdakaji, mpira unakujaje?

Raelynn kaniangalia.

Nikasema, unakuja. Unakuja! Jibu gani hilo? Najionea aibu. Kocha kaitikia kwa kichwa, kamwambia Paisley avue koti, avae tena, aah, akae tu. Mtoto wa watu hajui ashike lipi.

Bado dakika kumi na mbili. Radi imehama.

Niliapa sitasema. Sawa. Sisemi.

Nimevua helmeti. Nimetoa vibanio vyote sita. Nimefumua misuko yote miwili, nywele zote mabegani. Nimekaa sakafuni katikati ya chumba, mbele ya viatu vya Kocha, nikasema kwa sauti: Rae, zimefumuka. Njoo unisuke.

Hakuja. Mmoja kasema, haya Rae, tusije tukafungwa kwa ajili ya nywele za Corrie! Wakacheka. Hapo kaja. Kapiga magoti nyuma yangu, kaninong'oneza sikioni: sitakusamehe, mshenzi wewe.

Nikamwambia, suka.

Daftari liko magotini pangu. Vidole vyake viko kichwani. Kagawa mafungu matatu upande wa kulia. Moja limemponyoka. Kagawa tena. Limemponyoka. Mkono wa kushoto unafanya kazi yote, wa kulia unapapasa tu. Anavuta pumzi kwa nguvu kama yuko ngwe ya saba.

Wimbo umekatika. Kwanza waliokaa karibu, sasa wote.

Mwamuzi kagonga mlango. Dakika tano!

Kagawa mara ya nne. Kitu cha moto kimenidondokea shingoni, tena kingine. Sigeuki. Nikigeuka nitamwomba msamaha, na sitaki kumwomba msamaha. Nimekasirika! Namkasirikia yeye, huyu Kocha, wale wa jukwaani, na mimi na kiapo changu cha kipumbavu.

Kocha kaacha kutafuna mbegu zake. Viatu vyake vimesogea hatua moja. Kasema taratibu, sijawahi kumsikia akiongea hivyo: Raelynn. Lete nione mkono huo.

Hajampa. Kashika nywele zangu kwa vidole vitatu, anavuta mpaka naumia, na hataki kuachia —