Walivyoezua Nyumba ya Narung'ombe

Mtaa wa Libya,
Mchafukoge,
Dar es Salaam.

11 Mei 2025

Mpendwa mwanangu Rasha,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe, mumeo na watoto. Yule mdogo pumu imempungua? Mwambie asilale na kiyoyozi kikimpuliza kifuani. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Sukari yangu inapanda na kushuka, na mbavu bado zinaniuma nikikohoa. Sababu ya mbavu hizo utaisoma huko mbele. Masika imekolea na ngazi za ghorofa letu zimeota ukungu.

Nimeamua kushika kalamu kwa sababu simu zetu za karibuni zimekuwa za kufokeana. Mimi nikianza kueleza, wewe unalia. Ukilia, mimi nasahau nilikuwa nimefika wapi. Unanijua, nimefundisha jiografia tangu ujana wangu, siwezi kukufikisha mtoni bila kukupitisha milimani.

Umesema umempa wakili kazi ya kumfungulia kesi mama yako mdogo, Khairunnisa, mjane wa baba yako, kwamba yeye ndiye aliyewaita watu wakamvunja taya ndugu yako Ammar, na kwamba hutatulia mpaka alale ndani. Habari hiyo umeipata kwa mabaunsa ambao Ammar mwenyewe aliwakodi. Ammar hawezi kusema. Kinywa chake kimefungwa kwa nyaya, na nilipompa simu yangu akuandikie, alinirudishia bila kuandika neno. Mimi nilikuwepo siku ile. Soma mpaka mwisho, kisha uamue.

Nianze na nyumba yenyewe. Babu yako, yaani baba yangu, aliijenga Mtaa wa Narung'ombe baada ya kutoka Shihiri na kufungua duka: vyumba sita, vitatu kila upande, korido katikati, uani nyuma. Watu wakikumbuka nyumba ya utotoni husema harufu ya maandazi. Mimi nakumbuka vipigo. Bakora ya babu yako ilining'inia kwenye msumari mwanzo wa korido, na korido ile ilibeba sauti: akichapwa mmoja, vyumba sita vyote vilisikia. Lakini nyumba ilikuwa na kanuni yake. Mtoto akiweza kuchomoka na kuingia chumba cha mpangaji, baba hakumfuata. Chumba cha mtu kilikuwa cha mtu.

Marehemu baba yako, Asad, ndiye aliyekuwa na mbio. Alijitupa chumbani kwa Winifrida, mkunga kutoka Masasi aliyepanga kwetu, naye Winifrida alitoka akaujaza mlango, mikono kiunoni: "Mzee, huyu kashafika kwangu. Kama zimebaki, nimalizie mimi." Baba aligeuka akitukana kwa Kiarabu na kuirudisha bakora msumarini. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo nyinyi pia mlivyolelewa baada ya mama yenu kufariki, Mungu amrehemu. Nyumba ile ilitufunza kupiga, na ikatufunza pia kipigo kinaishia wapi.

Mtaa nao ulikuwa na kanuni yake, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Unamkumbuka yule kijana aliyekwapua pochi upande wa Mtaa wa Kongo? Ulikuwa darasa la tatu. Aliangukia barazani petu, na hawakumwacha mpaka alipoacha kuguna. Bibi yako alimwaga maji ndoo kwa ndoo, wewe ukasugua kwa fagio la chelewa, na ukauliza kwa nini kuna jino kwenye ufa wa saruji. Kwa hiyo wewe huhitaji kuelezwa neno "mwizi" linaweza kufanya nini Kariakoo.

Sasa nifike kwa Khairunnisa. Baba yako alipofariki Februari, aliingia eda. Wewe unaijua, lakini wakili wako huenda haijui, basi mweleze. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyoachwa na mumewe. Hajipambi, hatoki pasipo dharura, haonani na wanaume wasio maharimu zake, yaani wale wanaoweza kumwoa. Mimi, shemeji yake, si maharimu. Nazungumza naye nyuma ya pazia. Ammar ni mtoto wa mumewe. Ingawa hakumzaa, kwake ni maharimu daima. Wakili akumbuke hilo anaposoma yanayofuata.

Wewe na Ammar mlikubaliana kuuza nyumba, na sikatai. Nyumba ya chini katika Kariakoo ya leo imesongwa na maghorofa hata jua haliioni. Khairunnisa pia hakukataa. Alisema kupitia pazia, mimi na Ammar tukisikia: "Eda ikiisha, natoka na begi langu. Kabla ya hapo, hata mje na jeshi." Lakini mnunuzi alitaka kiwanja kitupu mapema, na Ammar akaogopa atamkimbia. Akakupigia simu. Ukamwambia afanye anavyoona. Akaona mabaunsa.

Walikuja Jumamosi asubuhi, siku chache baada ya Idd, mvua ikinyesha. Zamda, yule anayeuza supu na chapati barazani petu, ndiye aliyenipigia simu: "Mwalimu, njoo mbio, wanaezua!" Nilipofika, mabati ya vyumba vya mbele yalikuwa yameshatupwa barabarani na watu wanayaruka. Baunsa mmoja alitaka kuusukuma mlango wa Khairunnisa. Mwenzake akamvuta shati: "We, humo kuna mwanamke wa eda! Unataka mkosi wa maisha?" Wakaacha mlango, wakapanda juu. Mlango waliuogopa. Paa hawakuliogopa.

Ammar alikuwa amesimama koridoni na kofia ya ujenzi kichwani. Nikamwambia, "Ammar, huyu ni mke wa baba yako."

"Ami, nenda nyumbani, utalowa."

"Na yeye?"

"Akilowa atatoka."

Huo ndio ulikuwa mpango, mwanangu: kumtoa mjane kwa maji ya mvua, kama anavyotolewa panya shimoni.

Walipiga nyundo juu ya kichwa chake. Bati la kwanza lilipong'oka, maji yakamwagika ndani pamoja na misumari, vumbi la miaka na viota vya popo. Kisha boriti moja ya mkoko, zile alizozileta babu yako, ikakatika na kuanguka chumbani, na korido nzima ikatikisika chini ya miguu yangu. Nikapiga kelele, "Shemeji! Umeumia?"

Akajibu, "Kitanda ndicho kilichoumia. Mimi nimeketi chini." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizwa bei ya vitunguu.

Alipoona hatoki, Ammar akaanza kutoa vyombo vilivyokuwa koridoni. Alitokea mlango wa mbele amebeba cherehani ya Khairunnisa begani, uso umejaa vumbi na tope, hata mimi ningemtazama mara mbili. Hapo nje mtu akapaza sauti: "Mwizi! Mwizi huyo, anamwibia mfiwa!"

Jina la aliyepiga kelele ninalijua, na halitatoka katika kalamu hii. Wakili wako akiniuliza, nitamjibu hivyohivyo. Lakini hakuwa Khairunnisa. Nilikuwa mlangoni pake, namsikia akivuta uradi.

Wapagazi walitua mizigo. Wasukuma mikokoteni waliiacha katikati ya njia, wakachomoa vyuma. Mabaunsa, wenye vifua kama makabati, walikuwa wa kwanza kuruka ukuta wa uani, na hao ndio mashahidi wako. Ammar alipigwa chuma usoni. Nilisikia taya likivunjika. Ni sauti ndogo, kavu, kama muwa unaovunjwa gotini. Cherehani ikamwangukia mguuni. Alipojaribu kuinuka akapigwa ubao mgongoni, akapigwa tena, akatema damu na meno kwenye baraza ileile mliyoisugua wewe na bibi yako. "Mimi ni mwenye nyumba!" nadhani alikuwa akisema, lakini kwa kinywa kile hayakuwa maneno. Nikajitosa kumfikia. Kiwiko cha mtu kikaniingia mbavuni, nikabandikwa ukutani. Kwa juu ya vichwa nikaona mwingine anakuja akiviringisha tairi.

Wakili atauliza kwa nini hakukimbilia barabarani. Ni kwa sababu amekulia nyumba ile. Alirudi ndani kwa magoti na viganja, akaburura mguu koridoni, akajitupa kwenye pazia la Khairunnisa na kuingia. Katika wanaume wote waliokuwa Narung'ombe asubuhi ile, ni yeye peke yake aliyekuwa na ruhusa ya kuingia chumba kile.

Wakamfuata hadi mlangoni. "Mtoe! Mtoe!" Nilichomoka ukutani, nikawahi kuutanda mlango kwa mikono, ila nisijisifu, mzee wa umri wangu ni pazia la pili tu. Kilichowasimamisha ni sauti ya ndani.

"Mimi niko eda," Khairunnisa alisema. "Anayetaka kuingia, aingie. Ila kwanza ataje jina lake, na jina la mama yake, nijue ni mtoto wa nani aliyenivunjia eda."

Kundi kama lile, mwanangu, halina jina. Mkono unapiga na mwenye mkono hayupo. Walipoombwa majina, wa mbele wakawatazama wa nyuma. Mmoja, chuma bado kiko mkononi, akasema kwa sauti iliyokwisha kushuka, "Mama, huyo mwizi."

"Mwizi, ndiyo. Kaniibia paa langu. Lakini ni mwizi wangu, si wako."

Mtu akacheka huko nyuma, cheko moja fupi, na nikaona mabega ya watu yakilegea.

Walio nje hawakusikia kitu. Na kwa kuwa paa halikuwepo tena, waliona njia nyepesi: wakarusha matofali juu ya ukuta. Nilisikia kila moja likitua na sikuweza kufanya lolote. Khairunnisa alimfunika Ammar kwa godoro, akalala juu yake. Yeye alikuwa na shuka lake jeupe tu. Tofali moja lilimponda mkono wa kulia, vidole vikavunjika. Sikusikia kilio. Nilisikia uradi ukikatika, kisha ukaanza tena.

Girish, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mkabala, alikuwa ameshawaita polisi. Walipofika wakapiga risasi hewani, watu wakatawanyika. Girish akarudisha pikapu yake kinyumenyume hadi barazani, tukamtoa Ammar juu ya ubao wa mlango, damu ikichuruzika pembeni.

Khairunnisa hakwenda hospitali. Sheikh wa mtaa alimwambia dharura inaruhusu kutoka. Akamjibu, "Sheikh, mkono ni wangu, na dharura ni yangu." Stella, nesi anayeishi jirani, alimfunga vidole palepale. Girish na mkewe Nayna wakaleta turubai, wakalitandika juu ya kuta bila kuombwa na mtu.

Ammar aliruhusiwa wiki iliyopita. Nilimwandalia kitanda hapa kwangu. Akakataa kwa kichwa, akanyoosha kidole upande wa Kariakoo. Sasa analala chumba cha pili chini ya turubai hilo, na Khairunnisa anamkorogea uji mwepesi kwa mkono wa kushoto. Anaunyonya kwa mrija. Usidhani wamepatana. Nilimwambia kupitia pazia, "Kumbe umeshamsamehe, shemeji." Akasema, "Uji nampa. Msamaha sijaupika."

Habari ya kesi yako nilimweleza jana. Akanipa maneno haya nikufikishie, nami nayaandika kama alivyoyasema:

"Mwambie Rasha eda yangu inaisha mwishoni mwa Juni. Siku hiyo natoka, na kama polisi wako mlangoni, nitapanda gari lao bila kushikwa mkono. Lakini nyumba hii haivunjwi na watu wa kukodi. Ataivunja Ammar mwenyewe, aanze na chumba hiki. Na Rasha aje. Alikubali kwa simu, basi nyundo ya pili ni yake."

Ammar alikuwa uani na alisikia. Aliinua uso, akatikisa kichwa mara moja kukubali, kisha akaendelea kunyonya uji wake.

Sikulazimishi, mwanangu. Wewe ni mtu mzima, na damu iliyomwagika ni ya ndugu yako. Ninachokuomba ni uifute kesi hiyo na ukate tiketi. Tutasimama pamoja Narung'ombe. Mimi nilizaliwa katika chumba hicho anachokaa Khairunnisa, na kama lazima kianguke, nataka nikione kikiangushwa na wenye nyumba.

Mke wangu Hind anakusalimu sana. Anasema umletee ubani, ule mzuri, si ule wa safari iliyopita. Girish na Nayna wanakusalimu, na Zamda anauliza kama huko mnapata chapati za maana. Msalimie mumeo, na watoto uwabusu kwa niaba yangu, mmoja mmoja.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, akuongoze katika uamuzi huu, na atukutanishe tungali na nguvu za kukumbatiana.

Ni mimi ami yako, ninayekupenda hata tunapofokeana,

Mwalimu Muhiddin