Kumwomba Radhi Ndama wa Nkololo

Somanda, Jumanne jioni

Si ndama. Nimerudia kuangalia kwenye hadubini mara tatu nikitumaini macho yananidanganya.

Wiki tatu nimewaambia watu wote wa maabara kwamba choa hiki cha mkononi nilikipata Nkololo, siku nilipomshika ndama wa Mzee Masanja ili nimkwangue ngozi kwa ajili ya vipimo. Mzee mwenyewe nilimpigia simu nikamlaumu. Aliumia. Alisema ndama yule anaogeshwa kuliko watoto wake.

Leo fangasi niliowaotesha kutoka mkononi mwangu wamekomaa. Mbegu zao ni nene katikati na zimechongoka pande zote mbili. Hao ni fangasi wa paka. Sampuli ya ndama haikuota kitu. Na paka ninaye, analala kwenye mto wangu.

Nikampigia Mzee kumwomba radhi. Akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, mimi hujanikosea. Ngoja niweke spika umwambie mwenyewe."

Nimemwomba ndama msamaha mbele ya wafanyakazi wenzangu wanne. Kwa Kisukuma, kwa sababu Mzee alisema Kiswahili hasikii.

Lakini si hilo linaloninyima raha. Siku ile ya Nkololo mkono wangu ulikuwa tayari unawasha, nikasingizia mbu. Sijamwambia mtu.

Na Mzee alipochukua tena simu alisema, "Amekusamehe. Ila pale shingoni ulipomkumbatia pametoka kiduara. Njoo na vifaa vyako."