Utani Niliousema Kwenye Kipaimara

Nyumba ya mzee Bakili, chumba cha nyuma,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

27 Aprili 2025

Mpendwa shemeji Marcelino,

Shikamoo. Najua utashangaa, maana tangu umuoe dada Scholastika sijawahi kukuamkia hivyo. Siku zote nilianza na "Mkimbizi, umeamkaje?" nawe ukajibu, "Nimeamka kwako, mke mdogo, nipe chai." Leo nakuamkia kwa heshima yako. U hali gani huko Mueda? Kifua kimepoa? Tunasikia huko si shwari, na redio ikitaja upande huo dada huacha anachofanya akasikiliza amesimama.

Sisi wazima kiasi. Bryson anaota meno, hataki kushuka mgongoni, hata sasa naandika huku nambembeleza. Mume wangu Athanas yupo, anabeba mizigo ya maduka kama kawaida. Filomena wako anasoma vizuri. Mvua zimeshika, Jangwani barabara imefungwa mara mbili wiki hii, wateja wa Magomeni hawavuki.

Meza yangu ya vifungo na zipu iko pale pale kibarazani. Cherehani yako nimeifunika na khanga. Watu wanakuja na suruali mkononi, wanaiangalia ile khanga, wananiuliza fundi yuko wapi. Wengine wanajua, wanauliza hivyo hivyo.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikisikia sauti yako nalia, halafu siwezi kusema nililokusudia. Barua hii anakuletea Haruna, yule anayepeleka mitumba Mtwara, atampa mtu wa kuvuka nayo.

Shemeji, nianze na siku ya kipaimara cha Filomena. MC aliponipa maiki nilifanya ninachofanya kwenye kila sherehe yetu, nilikutania. Nilisema ulivushwa Ruvuma mgongoni kwa mama yako ukiwa na miaka minne, vita imewakimbiza, na mpaka leo huna karatasi hata ya kuazima, kwa hiyo tusipokulisha vizuri utarudi kwenu tukose fundi. Watu walishika mbavu. Wewe mwenyewe ulisimama ukageuza mifuko yako nje, mitupu, ukawaonyesha. Shemeji kwa shemeji, nani pale hakuujua utani wetu? Lakini kuna aliyekuwa anarekodi, simjui mpaka leo. Video ikaingia kundi la mtaa, ikatoka hapo ikaenda kwa watu wasiotujua.

Siku wale maofisa wawili wa uhamiaji walipokuja nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwako, namtafutia mteja zipu ya kahawia. Nikasikia sauti yangu inatoka kwenye simu ya mtu mwingine. Na vicheko vyote. Mwenye simu akakuuliza mimi ni nani wako, ukasema shemeji yako. Akauliza, "Anasema kweli au anatania?" Nilikuwa nasubiri useme natania. Ungesema hivyo, nami ningeapa papo hapo. Wewe ukatoa mguu kwenye pedali, ukasema, "Ananitania, lakini hasemi uongo." Halafu ukaomba umalizie kola ya mteja kwanza. Wakakusubiri. Neno lile linanirudia kila siku, nikiwa jikoni, nikiwa sokoni.

Tangu wakurudishe ng'ambo ya Ruvuma, mtaa mzima una maoni. Kuna maneno kwamba walowezi, wageni waliokaa hapa miaka mingi bila karatasi, waandikishwe wapewe vibali, basi kikao cha mtaa kilikuwa cha hilo tu. Bi Moza wa genge aliwauliza watoto wao walivaa sare zilizoshonwa na nani. Wengine wakasema sheria ni sheria, ukimwachia mmoja kesho watakuja mia. Athanas wangu naye akasimama, akasema sisi tulipanga foleni ya kitambulisho cha taifa karibu mwaka, tukaulizwa mpaka babu alizaliwa wapi, sasa mwingine apite bure? Nilimkasirikia sana. Lakini ndiye aliyekimbia kituoni na koti lako siku ile, mvua inampiga. Siwezi kumwita mbaya.

Mimi sikusema kitu kwenye kikao. Nilikuwa nimeshasema ya kutosha.

Sasa kuna jambo ambalo pengine dada amekwambia kwa upande wake, na mimi nataka ulisikie kwangu. Alipata mtu huko Posta, aliyesema anaweza kukutengenezea cheti kwamba ulizaliwa Newala. Dada akataka mimi niape kwa wakili kwamba mama yako alijifungulia nyumbani kwa bibi yetu, na yale ya kwenye maiki yalikuwa mzaha wa kutunga. Aliiweka karatasi katikati ya vifungo vyangu, akaniambia, "Leticia, mdomo wako ndio uliomtoa. Mdomo huo huo umrudishe."

Nilikataa, shemeji.

Nimelia, lakini nimekataa. Mwaka uliozaliwa wewe mimi nilikuwa sijazaliwa, nitaapaje? Wakigundua, hutakanyaga tena hapa maisha yako yote, na Filomena, ambaye vyeti vyake ni safi, wataanza kumtilia shaka naye. Na wewe mwenyewe ulikataa kusema uongo ukiwa na nafasi. Dada hajaniongelesha tangu siku hiyo. Akitaka chumvi anamtuma Filomena, na Filomena anaichukua huku anaangalia chini.

Nilichofanya ni hiki. Nilimwomba mzee Bakili, mwenye nyumba wetu na ndiye mjumbe, anisindikize ofisi ya uhamiaji. Kijana wa pale aliniuliza kama mimi ndiye yule wa kwenye video. Nikasema ndiye mimi. Akaniangalia, akanipa kalamu. Nikaandika ukweli wote: umevushwa ukiwa na miaka minne, mama yako amezikwa Kinondoni, ndoa yako ni ya kanisani. Nikaandika na ile sketi ya shule uliyonishonea darasa la nne, nimetoka Newala sina kitu, ukaiachia pindo refu na kila mwaka ukaishusha mpaka nikamaliza la saba. Mzee Bakili na Bi Moza wametia sahihi. Hawakutuahidi kitu. Walisema litaangaliwa.

Kwa hiyo nakuomba, na samahani, nakukataza. Filomena amekusikia kwenye simu ukimwambia dada kwamba utavuka kwa njia za panya kabla ya sikukuu yake ya kuzaliwa. Usivuke. Wakikukamata mara ya pili tulichoandika kitakuwa takataka, na hiyo njia yenyewe watu hawafiki wote. Najua huko Kireno hukijui na wanakuita Mtanzania. Najua unalala kwa watu. Kaa. Kama una hasira na mimi, nikasirikie ukiwa huko huko, mzima.

Nisamehe kama unaweza. Nilidhani maneno ya nyumbani yanabaki nyumbani.

Athanas anakusalimu, amesema nisisahau. Mzee Bakili, Bi Moza na mafundi wote wa kibarazani wanakusalimu. Filomena amechora moyo nyuma ya karatasi hii, ugeuze uuone. Dada hajanituma salamu, ila jana nilimkuta anapangusa cherehani yako, akairudishia khanga vizuri kuliko nilivyoiweka mimi. Nakufikishia hiyo.

Mungu akufunike huko uliko, akupe subira na kifua kipone.

Asubuhi nikipanga vifungo bado nageukia upande wako, mdomo unafunguka wenyewe, "Mkimbizi," halafu naumeza. Neno lile sitalisema tena. Ukirudi kwa mlango wa mbele, karatasi yako mkononi, nitakuita jina ulilobatizwa. Siku hiyo maiki nitakupa wewe. Unitanie mpaka uchoke, mimi nitakaa nimenyamaza.

Ni mimi shemeji yako niliyekukosea, na ninayekupenda,

Leticia