Hassan Amewataja Ngamia

Kwa Hooyo, mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Goti lako linasemaje? Na mvua, imeshuka huko Griftu au imepita tu juu kama kawaida yake? Mwalimu Yusuf, wewe unayemsomea mama, soma polepole wala usiruke kitu. Ukimwona analia, endelea tu.

Mama, mwanao Hassan amezungumza!

Ngoja nianze mwanzo. Alipoanguka kutoka kwenye lori la mbuzi akaletwa kwangu Nairobi, hospitalini walimpiga picha ya ubongo kwa mashine kubwa. Daktari aliiweka kwenye taa akanionyesha doa jeupe upande wa kushoto. Ilikuwa damu. Walimfungua kichwa wakaitoa, lakini daktari akasema ubongo wenyewe umechubuka: ataishi, ila akili huenda isirudi. Niliwatumia habari hiyo, na najuta, maana Adeer Isaak, ndugu wa marehemu baba, aliidaka upesi. Nasikia anataka ngamia wa Hassan wapigwe chapa ya mwanawe, eti asiye na akili hachungi, na kwamba unamzuia peke yako.

Hassan alifumbua macho wiki ya tatu. Daktari akamuuliza leo ni tarehe ngapi, mwezi gani, nami nikatafsiri. Hassan akaangalia dari tu. Daktari akaandika kwenye faili kwamba kumbukumbu hakuna. Nilikasirika. Lini Hassan aliwahi kujua tarehe, hata akiwa mzima? Nikamwomba daktari anipishe niulize mimi. Nikamwinamia, nikamwambia kwa Kisomali kwamba Barwaqo, ngamia wake mweupe, yule mtoto wa Deero, amezaa. Jina la mama wa ngamia huyo nilikosea makusudi.

Akakunja uso. Kisha akasema, "Barwaqo ni mtoto wa Ayro. Umekaa mjini mpaka umekuwa mjinga."

Wallahi sijawahi kutukanwa nikafurahi vile. Nilimwambia aendelee, naye akamtaja mama wa Ayro, na mama wa huyo, hadi wa tano. Majina ya wawili aliyatafuta kwa shida. Daktari alitaka nimtafsirie kila neno, halafu akakata alichoandika.

Jana wamempiga picha nyingine, doa la mchubuko limepungua. Sitakuficha, mkono wa kulia bado dhaifu na kichwa kinamuuma. Daktari amekiri kuwa picha huonyesha jeraha, lakini haiwezi kuapa mgonjwa atafika wapi. Mimi nasema atafika Griftu. Leo ametembea hadi mlangoni na kurudi, akigombana na muuguzi njia nzima.

Nisalimie nyanya, mdogo wangu Fatuma na mke wa mwalimu anayekutekea maji. Adeer naye msalimie kwa heshima yake yote, kisha umwambie akitoe motoni chuma chake cha chapa. Mwenye ngamia yuko hai, na anawajua wote kwa mama zao.

Ni mimi binti yako,
Habiba