Nthenya na Gesi Moto ya Galaksi za Jirani

Mwaka umetimia, Nthenya Kiema, tangu malaria ikuchukue ukiwa likizo hapa nyumbani Ekalakala. Ile Januari ya 2003 haijatutoka.

Ulikuwa na mkono wa kutoa mpaka tukakusema. Sweta kwa dada yako Wanza, viatu kwa jirani, nawe unarudi ng'ambo kazini na malapa. Na chai hukuigusa mpaka ipoe kabisa, wewe mtu wa gesi ya mamilioni ya digrii!

Kazi yako ulitueleza ukituonyesha mvuke juu ya sufuria ya isyo, yale mahindi na maharagwe yetu. Galaksi za jirani, ulisema, zimezungukwa na gesi moto, nyembamba mno, jicho haliioni. Lakini hutoa eksirei, na setilaiti huzinasa huko juu. Mama alishika neno moja tu, eksirei. Ile ya Baba ilionyesha doa kwenye pafu, na mwezi haukuisha akafariki. Kwa hiyo kila Jumapili alikuombea eksirei zako zisionyeshe kitu.

Tulikuja kujua baada ya mazishi kwamba wewe ulitaka zionyeshe kitu, Henry mliyefanya naye kazi alipotuandikia. Galaksi yako ya mwisho ina mwanga hafifu pembeni. Huenda ndiyo gesi uliyoitafuta miaka mitatu. Huenda ni mwanga wa galaksi yetu wenyewe, au kasoro ya chombo. Wanapima upya.

Mama alishika kichwa. "Woi! Kwani ni mimi nimemharibia mtoto kazi?"

Padri alimwambia maombi hayafanyi hivyo. Hakuamini. Mwaka mzima ameenda posta kila siku ya soko, chakula hakishuki, na sisi roho juu juu.

Barua ilifika wiki jana. Kaka yako Urbanus aliisoma amesimama. Walitoa mwanga wa galaksi yetu, wakatoa kasoro za chombo, na bado kitu kikabaki. Gesi ipo, Nthenya. Jina lako ndilo la kwanza kwenye ripoti.

"Wamepima vizuri?" Mama akauliza mara tatu. Kisha akakaa chini, akalia.

"Nilimwomba Mungu mambo mawili kwa huyu mtoto," akasema. "Amponye, na asimwonyeshe kitu. Yote mawili alikataa. Hili la pili namshukuru. Lile la kwanza bado nazungumza naye."

Tunaokukumbuka ni mama yako Kamanthe, Urbanus, Wanza na mpwa wako Syombua. Kukusahau hatuwezi, leo wala kesho.